Redio ya zamani inahama masafa: ijue kwanza inahamaje

Kuna kitu kinachanganya sana watu wenye redio za ridhaa za miaka ya 70. Mtu ana Yaesu FT-101 yake, kaiunga na kompyuta, anatuma FT8 (ujumbe mfupi wa kidijitali kwa toni) na anajibiwa na Italia, India, Brazil, kila kitu safi, afu siku akijaribu WSPR (ishara dhaifu ya kidijitali ya kupima redio inafika wapi) kwa redio ileile na antena ileile hamna hata kituo kimoja kinachomsoma. Anapanda juu ya bati kukagua antena. Kumbe redio inahama masafa, na ilikuwa inahama muda wote ule hata kwenye FT8, ila FT8 ilikuwa inamvumilia.

Tupige hesabu kidogo. Vitabu vya redio za enzi zile mara nyingi viliahidi kwamba redio ikishapata moto haitahama zaidi ya Hz 100 hivi ndani ya nusu saa, na kwa wakati ule hiyo ilikuwa sifa kweli, maana kwenye maongezi ya sauti ya SSB ukiwa nje kwa Hz 50 wengi hata hawashtuki. Sasa Hz 100 kwa sekunde 1,800 ni kama Hz 0.056 kila sekunde. FT8, ambayo Joe Taylor (jina lake la redio K1JT) na Steve Franke (K9AN) waliitoa 2017, inatuma kwa sekunde 12.64, kwa hiyo katika mtumo mmoja unahama Hz 0.7 tu, na toni zake zimeachana Hz 6.25. Hamna shida kabisa. WSPR ya Taylor huyohuyo, ya 2008, inatuma mfululizo kwa sekunde 110.6, hapo umeshahama Hz 6 na kitu, wakati toni zimeachana Hz 1.46 na ishara nzima upana wake ni kama Hz 6. Yaani mpaka unamaliza kutuma, ishara imehama upana wake wote, na programu ya upande wa pili inavumilia hezi chache tu. Redio haijaharibika hapo, iko ndani ya ahadi ya kiwanda, ni kazi unayoipa ndo imebadilika.

Ndo maana mi huwa naona watu wanakimbilia kununua vitu mapema mno. Kabla ya moduli yoyote kutoka China unatakiwa ujue redio inahama kiasi gani, kwa kasi gani, na ukiuchora mchoro wake unakuwa na umbo gani. Umbo lile ndo linakuambia ugonjwa uko wapi.

Kwanza chanzo chenyewe. Ndani ya redio hizi kuna VFO, osileta (saketi inayotengeneza masafa) ile unayoizungusha kwa nobu kubwa ya mbele, na moyo wake ni koili na kapasita, basi. Masafa yanategemea koili mara kapasita afu mzizi wake wa pili, kwa hiyo kimoja kikibadilika kidogo, masafa yanahama kinyume chake kwa nusu ya kiasi hicho. Kwenye FT-101 VFO inacheza kati ya 8.7 na 9.2 MHz. Tuseme kapasita zote kwa pamoja zinaongezeka sehemu 20 kwa milioni kila joto likipanda digrii moja, na hiyo kwa kapasita ni tabia nzuri tu: masafa yatashuka sehemu 10 kwa milioni, ambayo kwenye 9 MHz ni Hz 90 kwa digrii moja. Boksi likipanda digrii 15 toka umewasha mpaka valvu zimechemka, umeshahama zaidi ya 1.3 kHz bila kugusa kitu. Wapiga ngoma wanalijua hili zamani, ngoma inasogezwa kwenye moto kabla ya shughuli ili ngozi ikaze na sauti ipande, ila VFO yenyewe inaota moto bila kuulizwa kama inataka.

Kuna kristali pia. Kila bendi ina kristali yake ya kuchanganya na VFO, na kuna nyingine ya kerya, yaani wimbi la kubebea sauti, upande wa SSB. Nazo zinahama kwa joto ila kidogo sana ukilinganisha. Hapa kuna kipimo cha bure ambacho watu wanakiruka: VFO haizidishwi, inachanganywa tu, kwa hiyo kuhama kwake kunafika kwenye kila bendi kwa hezi zilezile, ukiwa 3.5 MHz au 28 MHz ni sawa. Basi kama redio inahama sawasawa bendi zote, mtafute VFO. Kama inahama bendi moja tu na nyingine zimetulia, achana na VFO kabisa, kaangalie kristali ya bendi ile na trima yake (kapasita ndogo ya kurekebisha) na swichi ya bendi.

Kupima hakuhitaji maabara. FT-101 na ndugu zake wengi wana kalibreta ndani, kristali inayotoa alama kila kHz 100, na FT-101 inakupa hata za kHz 25. Washa redio ikiwa baridi kabisa, toka asubuhi, washa kalibreta, zungusha mpaka upate mluzi wa Hz 1,000 hivi, afu usiguse tena nobu. Weka simu mbele ya spika na app yoyote inayoonesha spektra ya sauti, kila dakika andika mluzi uko hezi ngapi. Kalibreta nayo inahama ila ni sehemu chache kwa milioni, kwenye 7 MHz sehemu moja ni Hz 7, na wewe unatafuta mamia. Ukitaka uhakika zaidi FT-101 ina nafasi ya kusikiliza 10 MHz palipowekwa kwa ajili ya vituo vya saa, na kama kwako WWV ya Marekani haisikiki jaribu usiku BPM ya China ambayo nayo ipo 10 MHz. Angalizo moja: kwa sababu ya michanganyiko ya ndani, mluzi ukipanda haimaanishi VFO imepanda. Kujua uelekeo wake halisi pima VFO yenyewe kwa mita ya masafa.

Ukishakuwa na saa nzima ya namba, zichore. Mara nyingi utaona mojawapo ya haya, au mawili yamepandana.

La kwanza ni mteremko unaoanza kwa kasi afu unalegea taratibu mpaka unatulia baada ya nusu saa au saa. Hilo ni joto, halina siri. La pili ni ngazi, masafa yametulia afu ghafla yanaruka Hz 30, au 200, yanatulia tena, pengine yanarudi. Joto haliruki. Kuruka ni mguso mbovu au kapasita inayokufa. La tatu ni pale ukibonyeza kutuma masafa yanahama mara moja na ukiachia yanarudi, hiyo ni volti au ni ishara ya kutuma inarudi ndani ya VFO. La nne ni lile lisilotulia kamwe, saa moja, saa tatu, bado linaenda uelekeo uleule, na hapo nashuku kapasita iliyochoka au joto la chumba chenyewe linalopanda na jua, ambalo kwa nyumba zetu za bati si jambo dogo.

Anza na miruko, kwa sababu dawa nyingine zote zinashindwa kama miruko ipo. FT-101 inatumia bodi za kuchomeka kwenye soketi, na miguu ile ya pembeni ikishika ukungu na chumvi (wenzetu wa Mombasa na Tanga mnaelewa) mguso unakuwa wa kubahatisha. Chomoa, futa kwa spiriti, rudisha. Kapasita ya kuzungusha ina springi ndogo zinazogusa ekseli yake kwenda graundi, grisi ya miaka hamsini ikikauka pale mguso unapotea na kurudi. Safisha, weka tone dogo la mafuta ya umeme, usipake kama unapaka chapati. Klarifaya, nobu ya kusogeza masafa kidogo, nayo inaingia kwenye VFO kupitia dayodi ya varikapu (inayofanya kazi kama kapasita inayobadilika kwa volti), potenshometa yake ikiwa chafu masafa yanachezacheza, na kumjua mhalifu huyu ni rahisi, zima klarifaya uone kama miruko inaisha. Kaza skrubu zote za boksi la VFO, zote kabisa, hata ile uliyoona haina kazi. Mwisho gonga taratibu boksi kwa mpini wa bisibisi wa plastiki ukisikiliza mluzi.

Na jamani kabla hujaingiza mkono, kwenye FT-101 kuna volti 600 za valvu za mwisho na kapasita zake zinabaki na chaji hata ukiwa umechomoa waya ukutani. Subiri, afu pima kwa mita, usiamini macho.

Volti ni kazi ya dakika tano. Weka mita ya dijitali kwenye laini iliyosawazishwa inayolisha VFO, angalia namba wakati wa kupokea na wakati wa kutuma. Ikicheza hata kidogo umepata sababu. Kwenye redio za umri huu kapasita za elektrolitiki zimechoka na zena, dayodi inayoshikilia volti, imehama. Kuhusu zena kuna jambo zuri la kujua, zile za volti 5 mpaka 6 hivi karibu hazijali joto, za volti kubwa zaidi zinapanda na joto na za ndogo zinashuka, kwa hiyo usibadilishe kwa ya volti nyingine ukitegemea kurekebisha mbele ya safari. Kwa umeme wa mtaani unaopanda na kushuka jioni mi napendelea FT-101 ile iendeshwe kwa betri ya gari ya volti 12 wakati wa kupima, inakubali, ili angalau uwe na uhakika kwamba unachokiona si umeme.

Sasa joto, ambalo ndo kubwa. Jaribio la kwanza ni swichi ya hita iliyopo mbele ya FT-101. Pima saa moja hita ikiwa imezimwa, redio inapokea vizuri tu maana upande wa kupokea ni transista, afu siku nyingine pima hita ikiwa imewashwa. Tofauti ya michoro miwili ndo mchango wa valvu. Kama ni mkubwa, weka feni ndogo ya kompyuta nyuma, uiendeshe taratibu kwa volti pungufu, ivute hewa moto kutoka kwenye kibanda cha valvu iitoe nje. Isipulize ndani. Feni inayopeleka upepo juu ya boksi la VFO inaleta masafa yanayotetema badala ya yanayoteremka, na kutetema ni kubaya zaidi kwa WSPR. Ukitumia FT8 punguza nguvu, valvu zile za 6JS6C zilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, hazipendi kukaa kwenye kerya ya moja kwa moja, na kila wati usiyotoa ni joto lisiloingia kwenye boksi. Kufunika VFO kwa thermocol kunasaidia pia ila elewa kinachofanya: hakizuii kuhama, kinachelewesha. Utahama kilekile lakini kwa saa mbili badala ya nusu saa, na kwa WSPR kasi ndo inayoua kwa hiyo hata hilo ni faida.

Baada ya hapo ndo unafika kwenye kapasita, na hapa ndo pana mtego unaowaliza mafundi wengi wazuri. Mtu anafungua VFO anakuta kapasita za zamani za seramiki zina rangi rangi, anasema hizi takataka, nang'oa zote naweka C0G za kisasa ambazo zinabadilika sehemu 30 kwa milioni kwa digrii au chini ya hapo. Anawasha, redio inahama mara tatu ya mwanzo. Sababu ni kwamba koili ikipata moto inakua, inavuta masafa chini, na wahandisi wa kiwanda waliweka makusudi kapasita inayopungua kwa joto ili ivute masafa juu. Ile yenye alama ya zambarau ni N750, inapungua sehemu 750 kwa milioni kila digrii. Ya chungwa ni N150, ya kijani N330, nyeusi ndo ile isiyohama. Ukiing'oa N750 umeng'oa breki. Kwa hiyo badilisha kwa ya aina ileile, na kama huipati iache ilipo.

Nguvu ya kipande kimoja cha N750 ni ya kutisha. Chukua saketi yenye pF 100 kwa jumla, ndani yake pF 10 ni N750. Mchango wake ni moja ya kumi ya 750, yaani 75 kwa milioni kwenye kapasita, nusu yake kwenye masafa ni 37.5, na kwa 9 MHz hiyo ni Hz 337 kwa digrii moja. Pikofaradi moja tu ya N750 inavuta kama Hz 34 kwa digrii. Kwa hiyo kama mchoro wako unaonesha VFO inashuka Hz 300 ndani ya joto la digrii 10, unatafuta Hz 30 kwa digrii, hivyo unatoa pF 1 ya C0G unaweka pF 1 ya N750 mahali pale pale, jumla isibadilike ili daili isome vilevile. Kama VFO inapanda na joto, basi breki imezidi, punguza N750 uweke C0G. Fanya kidogo kidogo, baada ya kuchomea risasi iache redio ipoe usiku kucha maana kapasita iliyotoka kuchomwa inachukua muda kutulia, pima kesho. Hutapata mstari ulionyooka kabisa, kapasita ndogo inapata moto haraka na koili yenye fremu nene inachelewa, kwa hiyo utaona masafa yanapanda kwanza afu yanashuka. Kakilima hako kakiwa chini ya Hz 50 mi naacha.

Ukishamaliza yote hayo, na redio inahama pole pole bila kuruka, hapo ndo saketi ya Huff and Puff inaleta maana. Klaas Spaargaren PA0KSB wa Uholanzi aliitoa 1973, na ni wazo la akili sana kwa jinsi lilivyo rahisi. Inahesabu VFO kwa muda maalum unaotoka kwenye kristali, inaangalia tu kama imeangukia upande huu au ule wa mpaka, ikiwa huku inaisukuma juu kidogo kupitia varikapu, ikiwa kule inaisukuma chini. Kazi yote ni kusukumana kidogo kidogo juu ya mstari mmoja. Mistari imepangwa kila makumi ya hezi kadiri ulivyojenga, na wewe unaendelea kuzungusha nobu kama kawaida, ukiacha inashika mstari ulio karibu. Ila haijui ulikuwa mstari gani. VFO ikiruka zaidi ya nusu ya hatua, itashika mstari wa jirani na kukaa pale kwa furaha zake. Ndo maana nilisema miruko kwanza.

Njia nyingine ni kuiacha VFO ya ndani kabisa na kutumia ya nje. FT-101 ina soketi upande wa nyuma kwa ajili ya VFO ya nje, kwa hiyo unaweza kuleta ishara ya 8.7 mpaka 9.2 MHz kutoka kwenye Si5351 (chipu ya kutengeneza masafa) na Arduino (bodi ndogo ya kuiendesha) bila kukata waya hata mmoja, na siku ukimuuzia mtu redio unachomoa tu. Si5351 inatoa mawimbi ya mraba, pitisha kwenye filta ya kuzuia masafa ya juu kabla ya kuingia. Moduli za AD9850 za kazi hiyohiyo nazo zipo, ila zile zinachemka, na osileta yake ya 125 MHz imekaa pembeni ya chipu inayochemka, kwa hiyo mtu anatoa VFO inayohama kwa joto anaweka moduli inayohama kwa joto. Bado ni nafuu kuliko ilivyokuwa, sikatai. Ukiweka TCXO (osileta ya kristali inayojifidia joto) ya sehemu 0.5 kwa milioni kwenye Si5351, kwenye 9 MHz unazungumzia Hz 4.5 kwa mabadiliko yote ya joto.

Redio za miaka ya 90 na 2000 hesabu inageuka. Zina kristali moja mama na kila kitu kinatoka kwake, kwa hiyo kuhama kunakua kadiri unavyopanda bendi. Yaesu FT-817 inatumia 22.625 MHz, kiwandani iliahidi sehemu 4 kwa milioni, ambayo kwenye 14 MHz ni Hz 56 na kwenye 144 MHz ni Hz 576. Ukichomeka TCXO-9 inashuka hadi 0.5, yaani Hz 7 na Hz 72. Hapa hamna cha kufidia wala kupaka spiriti, ni kubadilisha kipande kimoja na kukirekebisha.

Na kwa watu wa huku kwetu hili la kristali mama si nadharia, kwa sababu QO-100, setilaiti ya redio za ridhaa, imekaa kwenye nyuzi karibu 26 mashariki juu ya ikweta, yaani mtu wa Kisangani inamkaa karibu utosini na wa Dar au Nairobi dishi lake linaangalia juu sana. Ishara yake inashuka kwenye 10,489 MHz na watu wanaipokea kwa LNB (kile kipokezi cha mbele ya dishi) za kawaida za TV. Osileta ya LNB ni 9,750 MHz, mara nyingi inazidishwa mara 390 kutoka kwenye kristali ya 25 MHz, kwa hiyo kristali ikihama hezi moja wewe unaona Hz 390. Dishi likiangalia juu hivyo, mgongo wa LNB unapigwa jua mchana kutwa, wingu likipita tu unaona ishara inatembea kwenye skrini. Wengine wanafungua LNB wanaweka TCXO au wanaingiza 25 MHz kutoka kwenye osileta inayofuata GPS. Kama unasikiliza tu usijisumbue, programu kama SDR Console inaweza kuishika bikoni ya setilaiti na kujirekebisha yenyewe, na LNB ileile ya sokoni inatosha.